Nafasi ya Mama Kwenye Kinanda

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na wapwa wangu. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo unaonikumbusha umri kila ninapoinama. Chumbani kwa Mama sijahamisha kitu.

Umeniuliza mara ya pili kwa nini Mama aliacha kupiga kinanda na kuimba miezi yake ya mwisho. Mara ya kwanza nilikujibu kwamba vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Soma haya hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Unakikumbuka kile kinanda cha umeme kilichokuwa sebuleni, chini ya dirisha. Kilikuwa kimechoka. Sauti zake zilipanda na kushuka kulingana na joto, na kibonyezo kimoja cha katikati, kile chenye ufa, kilikuwa bubu tangu ulipokuwa shule ya msingi. Kila wimbo ulipofika hapo, Mama aliiimba sauti ile moja kwa kinywa chake, kisha vidole vikaendelea. Wageni walicheka, sisi tulizoea.

Mimi, unavyonijua, siwezi kuona kosa nikanyamaza. Mama alikuwa akisema kwamba ningemsahihisha hata jogoo anayewika. Nilipostaafu, nilikifungua. Nikatoa bodi zote za zamani, nikalehemu waya mmoja mmoja kutoka kila kibonyezo, nikaziunganisha nyaya hizo na kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, ili sauti zote zitoke humo. Kazi ilinichukua wiki tisa juu ya meza ya chakula, Mama akinung'unika kwamba siku moja atatafuna skrubu.

Siku niliyomaliza, aliketi akapiga. Sauti zilitoka safi. Alipofika kwenye kile kibonyezo alivuta pumzi, akafungua kinywa, lakini kinanda kikamtangulia. Akarudia. Kisha akakifunika, akaniambia kwa upole kwamba kazi yangu ni nzuri, ila nafasi yake imekaliwa.

Wiki iliyofuata aliniomba nikifanye kibonyezo kile kiwe bubu tena. Ilikuwa kazi ya dakika moja, kukata waya mmoja tu. Nikamjibu kwamba mimi siharibu kitu kilicho sahihi. Hakuomba tena, wala hakukifunua kinanda hadi alipotutoka.

Vidole vyake havikuwa na ganzi. Wiki ile ya mwisho alinishonea vifungo vya shati. Ile dawa ya kuchua uliyokuwa ukituma kila mwezi, huku ukijilaumu kwa kuwa mbali, aliipaka magotini na kukuombea heri. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu.

Juzi niliukata ule waya. Nimejaribu kuimba mahali pake, lakini sauti yangu haifiki. Yako inafika, umeirithi kwake. Njoo ukae pale. Sitakusahihisha.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi,
Kaka yako