Kwa Nini Sikuja Kumzika Baba

Kangemi, Nairobi

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini mguu umepunguza kuuma na kwamba unapata usingizi tangu Baba atuache. Sisi huku tu wazima wa mwili. Kikamba changu bado ni cha salamu tu, kwa hivyo nakuandikia Kiswahili. Haya siwezi kuyasema kwa simu ya jirani yako, watu wakisikiliza.

Mwanao Mutua alikwambia kando kwamba sikuja mazishini kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Mama, nilikuwa mzima kabisa. Mlipokuwa mkimzika Baba, mimi nilikuwa hotelini nikipiga pasi mashuka ya wageni.

Unajua tumeajiriwa hoteli moja hapa Westlands, yeye jikoni, mimi kwa dobi. Usichojua ni kwamba pale hakuna aliyejua tumeoana. Tulipoanza kazi, wenzetu walituambia mume na mke hawaruhusiwi, lazima mmoja afutwe. Tukaogopa. Miaka mitatu nimevua pete langoni kila asubuhi, na nikikutana na mume wangu namsalimu kama mtu baki. Jioni tulikuwa tunacheka, tukijiona wajanja sana.

Baba alipofariki, Mutua alipewa ruhusa. Mimi ningeomba ruhusa nikamzike baba wa nani? Kadi ya rambirambi ilipopitishwa niliandika, "Pole kwa kufiwa na babako," nikatia sahihi pamoja na wengine. Wenzetu walipokuja huko kwa basi la hoteli nilibaki, maana nilijua ungenikumbatia mbele yao na siri ingetoka.

Waliporudi, Achieng, tunayepiga pasi naye, akaniambia, "Kumbe Mutua ana bibi! Mamake ameuliza huyo bibi ako wapi mpaka sisi tukaona aibu. Ni mwanamke gani hawezi kuzika baba mkwe? Wewe unamjua?"

Nikasema simjui. Mama, hapo ndipo nilipojichukia.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa afisa wa wafanyakazi, nikamweleza yote. Akafungua kitabu cha masharti ya kazi. "Na mlificha ya nini? Bwana na bibi tunaandika kazi. Tunakataa tu mmoja kuwa mkubwa wa mwenzake, na mnafaa kutuambia mapema."

Kitabu hicho nilipewa siku ya kwanza. Nilikitilia sahihi bila kukifungua, nikaenda kusikiliza maneno ya watu. Tumepewa barua ya onyo kwa kuficha, na tumestahili. Lakini humo pia mna siku za ruhusa kwa aliyefiwa na mkwe. Zilikuwa zangu tangu mwanzo, Mama. Ningekuja.

Nisalimie shemeji zangu wote, hasa mke wa kaka mkubwa, aliyefanya kazi zangu za jikoni siku ile akidhani nimelazwa. Mwambie ukweli.

Afisa amenipa siku hizo sasa, nami nitafika Ijumaa. Siombi usinikasirikie. Naomba unipeleke alipolala Baba, nimwambie kwa sauti kwamba mimi ni mke wa mwanawe. Baada ya hapo, niambie lolote ulilo nalo moyoni.

Ni mimi mkwe wako,
Wanjiru