Sayari Iliyofika Mapema

Free Area, Nakuru

Kaka Kiptanui,

Sisi tupo. Baridi imeharibu viazi Mau Narok, nami bado naandikia gazeti habari za barabara zilezile.

Mdogo wetu Kibii anaendelea na darubini yake kule nyumbani. Sayari ya mbali ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo, naye Kibii huandika saa inapotokea. Juzi ulipungua mapema kuliko ilivyotarajiwa. Alifurahi, kisha akaona nyota zote kwenye picha zimefifia. Ulikuwa moshi.

Alimkuta Mama nyuma ya jikoni, anachoma vijiti vya mti wa senetwo vya kusafishia kibuyu cha maziwa ya mursik.

"Mama, ni usiku wa manane!"

"Babako anarudi kutoka Molo. Atakunywa nini, nyota zako? Leta kuni."

Baba tulimzika mwaka juzi. Hukuweza kuja.

Kibii hakumbishia. Alileta kuni, akakaa naye mpaka moto ukazima. Daktari anasema ugonjwa huu wa kusahau hautarudi nyuma.

Mimi nahamia nyumbani Ijumaa. Mama bado anakuulizia kwa jina, kaka. Njoo kabla hajaacha.

Dadako,
Jepleting