Mgombea anapita Maskati Ijumaa

Jumatano

Klabuni kwetu Wazanzibari, mtaa wa Wattaya hapa Maskati, sote tunamuunga mkono mgombea mmoja wa urais wa Zanzibar, ingawa chama chake bado hakijamteua. Nami kila siku nnawahadithia nilivyosoma naye chuo cha Kurani, nikimpiga mieleka mpaka analia.

Leo mwenyekiti wetu Salim kanijia anacheka. "Ami, rafiki yako anapita Maskati Ijumaa, na hapa klabuni atafika! Wewe ndiye utakayempokea mlangoni."

Chuo kilikuwa kimoja, hilo kweli. Mieleka nimeiongeza mimi. Akiniuliza mimi nani mbele ya watu, klabuni sirudi tena.

Basi nitamwahi. Nitamkumbatia kwa nguvu na kumnong'oneza kwamba shemeji yangu ni mjumbe anayepiga kura za mchujo chamani mwake. Wallahi, atanikumbuka.