Tisa za Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekalia rasmi kiti cha Shangazi. Amestaafu Ijumaa iliyopita, baada ya miaka ishirini na mitatu kwenye ofisi ya kumbukumbu ya chuo chetu cha afya. Kaniachia mto wa sponji, droo iliyojaa raba bendi na jedwali la alama za mtihani wa kujiunga. Waombaji mia mbili na kumi na wawili, nafasi arobaini. Mkuu wa Chuo anataka orodha Ijumaa.

Fundi wa kompyuta alikuja kubadilisha mausi. Akauliza upau wa fomula umekwenda wapi. Nikamwambia Shangazi aliuficha zamani, eti unamlia nafasi. Akacheka, akaurudisha. Akanieleza kwamba ule mstari mrefu wa juu unaonyesha ulichoandika ndani ya kisanduku. Kinachoonekana chini ni jibu tu. Nikaitikia, ndiyo, ndiyo — akili yangu iko kwenye chai.

Mama wa usafi kauliza tena kama binti yake yumo. Nimemwambia asubiri Ijumaa kama wengine. Yuko wa arobaini na moja, alama sitini. Kakosa kwa nafasi moja tu! Nimeshindwa kumtazama usoni.

Jumanne, 5 Machi

Nilibofya alama za mwombaji mmoja. Kwenye kisanduku, 63. Juu, kwenye upau: =54+9.

Nikadhani ni macho yangu. Nikabofya zote, mmoja mmoja, mpaka kidole kikauma. Wengine wote ni namba tupu. Sita tu wameongezewa tisa. Tisa, kila mmoja! Nikatoa karatasi zao za mtihani kabatini; ya yule wa kwanza ni hamsini na nne, kwa kalamu nyekundu ya msahihishaji.

Ukichapisha orodha, hakuna anayeona kitu. Sitini na tatu, basi.

Shangazi! Aliyenirudisha dukani kwa miguu, nina miaka minane, kwa sababu penseli ya mwenye duka ilidondokea kwenye mfuko wangu. Siamini. Nimeandika siamini, na karatasi ziko mbele yangu.

Jumatano, 6 Machi

Nilikwenda kwake baada ya kazi. Alikuwa anakunja nguo. Nilitegemea akane, hata anikaripie. Wapi! Akaendelea kukunja.

Akasema yeye ndiye aliyepokea fomu dirishani, akawaona wale sita. Mmoja shule yao haikuwa na mwalimu wa sayansi mwaka mzima. Mwingine alifanya mtihani siku mbili baada ya kumzika mama yake.

"Nyinyi mnaona namba, mwanangu. Mimi niliona watu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuandika 63 moja kwa moja. Akanitazama kama nimemtukana.

"Nifute alama ya mtu? Hiyo ni yake. Mimi niliongeza tu pembeni."

Nikamwambia kuhusu binti wa mama wa usafi, wa arobaini na moja. Hapo akaacha kukunja. Akalilaza shati la mumewe mapajani. Kumbe hakujua huyo wa arobaini na moja ni mtoto wa nani.

Mlangoni akanishika mkono. Rekebisha ya mwaka huu, akasema, ila ya nyuma usichimbe. Nilikasirika. Nikajua anajitetea.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia Mkuu. Nilisema waziwazi, bila kuzunguka, nikajisikia msafi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akaagiza wale sita watoke, waingie sita wanaofuata. Kisha akasema, binti, kesho asubuhi tukae wawili tufungue orodha zote za Shangazi yako, mwaka kwa mwaka. Aliyeingia kwa alama za kuongezwa, cheti chake kitajadiliwa.

Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka sana!

Ijumaa, 8 Machi

Nimewahi ili nimpangie Mkuu mafaili. Mama wa usafi kashajua binti yake yumo. Kanikumbatia, kalia begani kwangu, kasema dada, Mungu akuzidishie.

Nikafungua orodha ya mwaka wangu, niliojiunga hapa chuoni. Kwa kutamani tu kujiona. Kozi ya kumbukumbu, miaka kumi na mmoja iliyopita, mstari wa kumi na saba. Sitini na nne zangu! Nilizitaja hata kwenye sherehe ya harusi; mume wangu huniita Bi Sitini na Nne nikianza kujidai.

Nikabofya.

=55+9

Nimeangalia karatasi ya mtihani. Kalamu nyekundu. Hamsini na tano.

Mkuu aliingia na kiti chake, akakiweka karibu na changu, akagundua kasahau miwani. Kaifuata. Amesema tuanze na mwaka wowote ulio wazi.

Ulio wazi ni wangu. Upau uko juu, unasema unachosema. Kuuficha ni kubofya mara mbili, Shangazi alijua hivyo. Kidole kiko kwenye mausi, mkono mwingine unaandika haya. Nasikia viatu vyake koridoni, na mama wa usafi anamshukuru kwa kuwa na mfanyakazi mwaminifu.