Mashine ya Mama Inasema Mzigo ni Mkubwa

Changwon, 28 Novemba

Mama mpendwa,

Nakuinamia kwa heshima, wewe na baba. Hamjambo huko Namhae? Bega lako linaendeleaje na baridi hii? Baba anakula? Sisi huku wazima, mafua tu ya kawaida.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mwalimu wa darasa lenu la akina bibi la kusoma na kuandika anataka mfanye mazoezi ya kuandika. Halafu kwenye simu husikii. Juzi nilikuuliza dawa za baba, ukanijibu habari za vitunguu saumu.

Jambo lenyewe ni mashine ya kufulia. Nilikwambia kwamba kila ikimaliza kufua inaniletea taarifa kwenye simu yangu. Sasa kila siku inasema mzigo ni mkubwa kupita kiasi, inajaza maji mpaka juu na kuzunguka nusu siku. Nguo za wazee wawili! Kazi yangu kiwandani ni hiyo hiyo, kuhakikisha mashine zinahisi uzito sawasawa kabla hazijauzwa, halafu ya mama yangu mzazi inapima kama imelewa. Bosi wangu, Bwana Pyo, ananicheka mbele ya wenzangu.

Fanya hivi. Kabla ya kuingiza maji, mashine hulitikisa pipa la ndani kidogo kidogo ili isikie uzito wa nguo, na isiposimama sawa hukosea. Weka bakuli la maji juu yake. Maji yakiegemea upande mmoja, unyanyuliwe mguu wa mashine wa upande huo mpaka yatulie. Mwite jirani, baba wa Deok-su, na spana yake, usiiinamishe mwenyewe.

Nataka mambo ya hapo yaende vizuri, mama. Unakumbuka tulivyokubaliana na dada Mi-ran: baba anakaa nawe, lakini tukifika Mwaka Mpya wa jadi mwezi wa Februari tukaona kumuuguza kumekushinda, anahamia kituo cha wazee huku Changwon. Mi-ran hajabadili mawazo. Mashine niliileta ikupunguzie kazi.

Mwanao,
Gyu-tae


Namhae, 6 Desemba

Mwanangu Gyu-tae,

U mzima? Mkeo mzima? Kunywa tangawizi uache kulalamika mafua. Bega langu linauma kama mwaka jana, wala si zaidi. Baba yako, tangu upande wake wa kulia upooze, hataki kingine ila supu ya mwani. Anakula vizuri na ananuna vizuri.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Neno moja tu nilimuuliza mwalimu.

Bakuli nimeliweka, na maji yameegemea ukutani. Ile veranda ilipo mashine baba yako aliimwagia saruji mwenyewe, na unajua alivyokuwa na haraka. Baba wa Deok-su amekuja, akazungusha miguu ya mashine, akanywa kahawa yangu, akarudia nyingine, akaenda zake. Sasa imesimama wima kama askari, na bado inasema mzigo mkubwa.

Mimi nadhani umeniletea mashine yenye kiburi. Inaimba ikianza, inaimba ikimaliza, na ikishafunga mlango hata soksi huwezi kuongeza. Baba yako anaupenda ule wimbo. Ukianza anatingisha kidole cha mkono mzima.

Mi-ran mwambie hapa hakuna kilichomshinda mtu. Nimelala chumba kimoja na baba yenu tangu siku niliyoolewa. Sitaki aamke mahali ambapo hakuna hata mmoja anayejua kwa nini amenuna.

Mama yako


Changwon, 12 Desemba

Mama mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa bega. Tangawizi nimekunywa, mafua yameondoka.

Nimekushika! Bado unafua kwanza kwa mkono, sivyo? Nakuona kabisa, umekaa kwenye kile kigoda, unasugua nguo kwa kipande cha sabuni kwenye beseni jekundu, halafu ndiyo unaiachia mashine imalizie. Akina mama wa nchi hii wote hamuiamini mashine. Malalamiko tunayopokea kazini, mengi ni hayo hayo. Nguo zilizolowa ni nzito kuliko kavu, na mashine inapima kabla ya maji. Inafikiri umeijaza hadi mdomoni.

Kwa hiyo wiki hii weka nguo zikiwa kavu, hata kama roho inakuuma. Kabla ya hapo izungushe mara moja ikiwa tupu kabisa, ijikumbushe uzito wake yenyewe. Bonyeza kitufe cha joto na cha kukamua kwa pamoja, usiachie mpaka ilie.

Baba aendelee kutingisha kidole.

Mwanao,
Gyu-tae


Namhae, 19 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Hapa kuna upepo wa baharini unaokata masikio. Kimchi ya mwaka huu, kabichi niliyoichachusha, imetoka na chumvi nyingi, lakini nitakupelekea hivyo hivyo, utakula na wali mwingi.

Ndiyo, nafua kwanza kwa mkono. Kola ya shati haitakati kwa kuzungushwa tu, hata mkeo muulize. Lakini nimekusikia. Mashine nimeizungusha tupu, nikakaa pale naiangalia inafua hewa. Mama wa Deok-su alipita akaniuliza, "Dada, unafua nini?" Nikamjibu, "Nafua akili za mwanangu." Alicheka mpaka akashika ukuta.

Nguo nimeweka kavu. Kama bado inasema uongo, basi labda ni baridi, au maji yameganda kwenye bomba. Wewe ndiye fundi.

Mama yako


Changwon, 26 Desemba

Mama,

Nakuinamia. Kimchi imefika. Chumvi ni kweli, lakini tunaila.

Mzunguko mtupu ulisoma sifuri, safi kabisa. Lakini kesho yake asubuhi mzigo mkubwa tena, na kila asubuhi baada ya hapo. Mwaga maji ya uvuguvugu kwenye bomba la kutolea maji. Likiganda, maji yanabaki ndani na mashine inayahesabu kama nguo.

Isipopona nitakuja mwenyewe na kipuri. Mi-ran anasema atapanda gari pamoja nami, amwone baba kwa macho yake kabla ya Mwaka Mpya wa jadi. Tuseme Jumapili ya pili ya Januari.

Gyu-tae wako


Namhae, 4 Januari

Gyu-tae,

Habari zenu. Sisi wazima.

Msije. Barabara ina barafu. Mashine imepona, nilimwaga maji ya uvuguvugu kama ulivyosema. Mwambie Mi-ran asihangaike.

Mwandiko si mzuri leo, vidole vimepasuka kidogo.

Mama


Changwon, 23 Januari

Mama yangu,

Nakuinamia. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, kisha hasira ikaisha, nikabaki sijui niandike nini.

Mashine haikupona. Haijawashwa. Tangu barua yangu ya mwisho haijaniletea taarifa hata moja, na watu wawili hawawezi kukaa hivyo bila kufua. Nilimpigia mama wa Deok-su. Akaniambia, "Mama yako kila asubuhi yuko kwenye beseni anasugua mfarishi, lile tandiko nene analolalia baba yako. Tukimwambia aache anatutimua." Mfarishi, mama! Kwa mkono, Januari, kwenye veranda ile!

Nilirudia kusoma taarifa zote za nyuma. Mashine mbovu hukosea ovyo, leo juu, kesho chini. Yenu ilikuwa inasema jambo moja kila asubuhi, na ikiwa tupu ilisema tupu. Haikuwa na kosa lolote. Ndani mlikuwa na mfarishi uliolowa na blanketi juu yake. Baba anajikojolea usiku, na mimi nilikuwa nakuhimiza uzungushe miguu ya mashine. Naona aibu, na nimelia kidogo ofisini, Bwana Pyo akajifanya haoni.

Nimeifuta mashine yenu kwenye simu yangu. Haitaniletea habari tena, fueni mnachotaka na saa mnayotaka. Nikitaka kujua nitakuuliza wewe. Mi-ran sijamwambia kitu, hilo nimekuachia.

Ila itumie, nakuomba. Chagua programu ya matandiko. Mfarishi usiuweke peke yake, utaegemea upande mmoja na mashine itagoma kukamua. Weka taulo kubwa upande wa pili wa pipa. Na usiusugue kwanza.

Mwanao,
Gyu-tae


Namhae, 30 Januari

Mwanangu Gyu-tae,

Hujambo, mwanangu? Mimi vidole vinapona, nimepaka mafuta uliyotuma pamoja na barua.

Nimewasha mashine. Niliweka taulo kama ulivyosema, ikakamua bila kelele.

Nilificha kwa sababu ya Mi-ran, lakini si hilo tu. Baba yako akilowa anageuza uso ukutani na kulia, mwanaume yule aliyekuwa akibeba magunia mawili. Nilijua mkijua ataona aibu mbele yenu. Jana nilimwambia kwamba unajua. Akasema kwa ule mdomo wake uliopinda, "Mwambie basi apunguze chumvi safari hii." Hakunielewa, alidhani nasema habari za kimchi, na kwamba umeitengeneza wewe. Tulicheka wote wawili.

Mi-ran nimemwandikia mwenyewe, jioni ya leo, kabla yako. Nimemwambia kumuuguza baba yake kumenishinda nusu. Kufua hakujanishinda, wala kumpikia, lakini kumgeuza na kumwinua usiku bega halikubali tena. Nusu hiyo njooni mnishike mkono, hata kabla ya Mwaka Mpya wa jadi. Nusu iliyobaki niachieni.

Mama yako