Taa za Mchana Amukura

Mama,

Kifua kimepoa? Leo hapa Amukura, karibu na Malaba, nimeshiriki mashindano ya magari ya kupanda mlima kwa mara ya kwanza, nikiendesha Pijo ile ile ya Baba. Wenye mashindano walituambia tuwashe taa. Niliondoka kwa kasi. Kwenye kona, akina mama waliotoka sokoni wakaona taa mchana, wakafikiri ni mazishi. Wakatua vikapu, wakainamisha vichwa. Mara ya mwisho Pijo kuwashwa taa mchana, ilikuwa imembeba Baba kwenda kuzikwa. Mguu wangu ukakataa kukanyaga mafuta, gari likapunguza mwendo. "Pole, kijana wetu," mmoja akaniambia dirishani. Nikapanda polepole hadi juu, nikawa wa mwisho.

Jumapili nitaileta Pijo nyumbani, nikiwa nimezima taa, usije ukashtuka.

Mwanao,
Wafula