Unga Wenye Mrututu

Ruiru, 9 Agosti 1957

Mama Nduku,

Mimi ni mzima. Kitambaa cha sketi ya Nduku nimepata, Kilonzo wa hapa shambani atakuletea pamoja na barua hii akija huko kupitia Thika.

Ule unga wa nguruwe niliokutumia, usiwape kondoo tena. Una mrututu, ile dawa ya buluu tunayopulizia kahawa. Nguruwe wakiula hunenepa upesi, nikadhani utawafaa na kondoo wako.

Hapa shambani samadi ya nguruwe tulimwaga kwenye nyasi karibu na mto. Kondoo wa bwana mwenye shamba hawakuonja unga hata siku moja. Walikula nyasi hizo tu. Jana walikufa kumi na mmoja, macho ya manjano, mkojo mweusi. Daktari wa mifugo alipasua mmoja akasema ni mrututu, sumu kwa kondoo; umepita kwenye nguruwe ukatokea kwenye samadi. Bwana alikaa chini kwenye matope. Mimi hadi sasa siamini.

Na barua yako inasema kondoo wetu wanaupenda unga huo. Nimeisoma mara tatu.

Watazame macho. Yakiwa meupe, fukia unga uliobaki, mbali na kisima. Yakiwa ya manjano, hawaponi tena; usiharakishe kunijibu.

Mumeo,
Muthoka